Soya yangu imekuwa njano na mizizi haina vinundu. Je, ule unga wa bakteria ulikuwa bure?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Niko Namtumbo. Mwaka huu nimelima soya kwa mara ya kwanza, ekari mbili, kwenye shamba ambalo tangu enzi za baba ni mahindi tu. Nilinunua mjini Songea pakiti za unga mweusi, nikaambiwa ni bakteria wa kupaka mbegu ili soya ijitengenezee Urea yake. Nilizihifadhi ndani, juu ya kabati, wiki mbili nikisubiri mvua. Siku ya kupanda nilichanganya mbegu na unga huo pamoja na dawa ya kuzuia mbegu kuoza, na kwenye mashimo nikatia Urea kidogo ili mimea ianze vizuri. Sasa ina wiki tano. Majani ya chini yamekuwa njano. Nimeng'oa miche mitatu: mmoja una vinundu viwili, mingine haina kitu. Maharage yangu hapo jirani, ambayo sikuyapaka chochote, yana vinundu tele! Jirani ananiambia nishukuru, kwa sababu vinundu ni ugonjwa wa minyoo. Na kuna kijana anapita na chupa ya vijidudu hai, anasema inafaa mazao yote na sitahitaji mbolea tena. Je, nilidanganywa? Ninunue hiyo chupa? Nichukue udongo kwa mwenzangu anayelima soya kila mwaka? Na ni kweli mwakani nikirudisha mahindi hapo sitahitaji mbolea?"*

Ndugu yangu, pole na kazi, na ahsante kwa kueleza kila hatua bila kuficha. Wengi huniandikia "soya imekataa" na basi. Wewe umenipa karibu kila ninachohitaji ili nikujibu.

Unachoogopa ni kwamba ulitoa fedha kwa kitu kisichofanya kazi. Bakteria hawa wapo kweli na kazi yao ni ya kweli. Ila kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani wengi wao walikufa kabla ya kuugusa mzizi, na waliobaki walikuta mazingira yasiyowapa sababu ya kufanya kazi. Lakini hata hilo sitalisema kwa uhakika, kwa sababu ya neno moja uliloandika: *nimeng'oa*.

Vinundu vya soya vimeshikilia mzizi kwa kishikio chembamba sana. Ukivuta mche kwa mkono, hasa udongo ukiwa umeshikana, vinundu hubaki ardhini na wewe unainua mzizi mtupu. Nimeona shamba zima likihukumiwa hivyo. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, chukua sepetu. Tembea shamba kutoka kona hadi kona, chagua miche kumi, mingine mibaya na mingine mizuri. Kwa kila mche, chimba kuzunguka shina kwa umbali wa kiganja, uinue na bonge lake zima la udongo, kisha ulizamishe kwenye ndoo ya maji. Usikung'ute. Acha maji yalainishe udongo uanguke wenyewe, halafu suuza taratibu.

Sasa angalia vinundu vimekaa wapi. Vikiwa vimejazana kwenye mzizi mkuu, karibu na shina, ndipo mbegu ilipokuwa, basi ni kazi ya bakteria uliowapaka. Vikiwa vichache na vimetawanyika mbali kwenye vimizizi vya pembeni, huenda ni bakteria wa asili waliokuwa kwenye udongo. Kisha chukua wembe, kata kimoja katikati. Ndani kikiwa chekundu au waridi kama nyama mbichi, kinafanya kazi wakati huohuo unapokitazama. Kikiwa cheupe, bado ni kichanga au ni kivivu. Kikiwa kijani au kahawia, kimekwisha.

Rangi hiyo nyekundu ndiyo inayomjibu jirani yako. Inatokana na protini iliyo ndugu na ile inayoipa damu yetu wekundu, na kazi yake ni kuwapimia bakteria hewa ya oksijeni kidogokidogo, kwa sababu oksijeni ikizidi mtambo wao wa kutengeneza chakula cha mmea huharibika. Jirani hakukosea kabisa, maana minyoo fundo ipo na ni adui kweli. Utaitofautisha hivi: kishike kivimbe kwa kidole gumba na cha shahada, ukisukume pembeni. Kinundu kinabanduka na mzizi unabaki mzima, kwa sababu kilikuwa kimeshikilia ubavuni. Fundo la minyoo halibanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba, na ukilazimisha utakata mzizi. Maharage yako hayaumwi.

Kwa nini basi maharage yapate vinundu bila kupakwa na soya ikose? Hewa tunayovuta ni naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye Urea, kwa asilimia 78, lakini chembe zake zimekumbatiana kwa nguvu kiasi kwamba hakuna mmea unaoweza kuzitenganisha wenyewe. Viwanda vya Urea huzitenganisha kwa joto la nyuzi zaidi ya 400 na mgandamizo mkubwa mno. Bakteria wanaoitwa rizobia hufanya kazi hiyohiyo kwenye udongo wa kawaida, mradi wapate nyumba na sukari kutoka kwa mmea. Mmea wa jamii ya kunde ukianza kukua, mizizi yake hutoa kemikali zinazosambaa udongoni. Hiyo ni hodi. Rizobia wanaoielewa hodi hiyo hujibu kwa kemikali yao, kinyweleo cha mzizi kinajikunja na kuwafunika, nao wanaingia ndani, wanazaana, na kinundu kinajengeka.

Shida ni kwamba kila nyumba ina hodi yake. Maharage yamelimwa kwetu kwa vizazi vingi, na bakteria wanaoyaelewa wamejaa mashambani. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki. Wajerumani waliijaribu Amani, kwenye milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini kusambaa kwa mbegu si kusambaa kwa bakteria. Shamba ambalo tangu enzi za baba yako ni mahindi tu halina sababu ya kuwa na rizobia wa soya. Piga hodi upendavyo, hakuna mwenyeji wa kukuitikia. Ndiyo maana watu hupaka mbegu, na si jambo la juzi: Hellriegel na Wilfarth, Wajerumani wawili, walithibitisha kazi ya vinundu mwaka 1886, Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe mwaka 1888, na kufikia 1896 bakteria hao walikuwa tayari wanauzwa kwa wakulima wa Ulaya. Kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kilitengeneza unga wake kikauita Nitrosua. Kenya kuna Biofix, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hukuniambia ulipanda mbegu gani, na hilo lina uzito. Zipo aina zilizozalishwa na taasisi ya utafiti ya IITA huko Nigeria, majina yake huanza na TGx, ambazo hazichagui sana na zinaweza kuwapokea hata rizobia wa kunde walio udongoni kwetu. Hata hizo hufanya vizuri zaidi zikipakwa, ila zikikosa unga haziangamii. Tafuta mfuko wa mbegu au rudi ukamuulize aliyekuuzia.

Sasa tuje kwenye yale yaliyotokea kabla ya kupanda.

Ule unga mweusi si dawa na si mbolea. Ni udongo laini wa kinamasi uliojazwa viumbe hai kwa mamilioni, na wanakufa kwa joto. Wiki mbili juu ya kabati, chini ya bati, ni muda mrefu. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilibeba pakiti za shamba la mfano nikaziweka mbele ya basi, karibu na kioo, kutoka Morogoro. Safari ya siku nzima na jua lote lile. Tulipanda kwa bidii, wakulima wakaja kuangalia, na mizizi ikawa mitupu kama yako. Sikulaumu kiwanda, kwa sababu nilijua niliwaua njiani. Pakiti ikae mahali baridi na kivulini tangu dukani. Nyumba isiyo na friji, ifunge kwenye mfuko usioingiza maji uiweke pembeni ya mtungi wa maji, sakafuni, na ununue karibu kabisa na siku ya kupanda. Dukani uliza imekaa wapi. Kama inauzwa kwenye rafu inayopigwa na jua, usinunue, hata kama tarehe yake haijapita.

Dawa ya kuzuia kuoza ndiyo pigo la pili. Dawa nyingi za ukungu, hasa zenye shaba, zinawaua rizobia pia wakikaa pamoja kwenye ganda la mbegu. Ukiwa na mbegu nzuri na udongo usiotuamisha maji, mara nyingi huihitaji dawa hiyo kwenye soya.

La tatu ni Urea, na hapa nadhani ulifanya kwa nia njema kabisa. Mmea unawalisha bakteria kwa sukari yake, na sukari hiyo ni gharama. Mmea ukiikuta naitrojeni ya bure miguuni pake, unaona hakuna haja ya kujenga nyumba ya wapangaji, na unapunguza vinundu. Kisha ile Urea kidogo inakwisha, akiba ya mbegu nayo imekwisha, vinundu havipo, na wiki ya nne au ya tano majani ya chini yanaanza njano kwa sababu mmea unahamisha naitrojeni kwenda kwenye majani machanga ya juu. Picha uliyonieleza ndiyo hiyo. Nikutulize kidogo pia: hata shamba lililopakwa vizuri huwa na siku chache za kupauka kabla vinundu havijaanza kuzalisha, lakini katika wiki ya tano soya yenye vinundu vyekundu inapaswa kuwa inarudi kwenye kijani.

Mwakani fanya hivi. Pima mbegu za kupanda siku hiyo tu. Yeyusha kijiko cha chakula cha sukari kwenye chupa ya soda ya maji safi ya kunywa, yasiyo na klorini. Kwa mbegu kama kilo 15, nyunyizia maji hayo huku ukigeuza kwa mikono hadi zing'ae tu, zisilowe zikavimba. Mimina unga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha geuza mpaka kila mbegu iwe nyeusi, pande zote. Tandaza kivulini. Panda ardhi ikiwa na unyevu, na anayetia mbegu afuatwe papo hapo na anayefukia, kwa sababu dakika chache za jua kali zinatosha kuwapunguza. Zikibaki, usizipande kesho bila kuzipaka upya.

Na nakuomba kitu kimoja: acha mistari minne bila kupaka. *Ianze kupandwa hiyo*, asubuhi, kabla hamjafungua pakiti, kwa sababu mikono na majembe yakishagusa unga yanabeba bakteria popote mnapopita. Mistari hiyo itakuambia ukweli wa shamba lako kuliko mimi na muuzaji tukijumlishwa.

Kuna jambo ambalo pakiti haikuambii. Rizobia wanaleta naitrojeni, hawaleti kingine. Kutengeneza vinundu kunakula fosforasi nyingi, na udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini una tindikali na una fosforasi kidogo inayopatikana kwa mmea. Nimeona mashamba yaliyopakwa kwa utaratibu wote yakitoa vinundu vidogo kama punje za ulezi, kwa sababu ya njaa hiyo. Kwa soya mbolea ya kupandia iwe ya fosforasi: TSP, nusu mfuko hadi mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, au Minjingu, ambayo kwa udongo wenye tindikali inafaa hasa kwa sababu tindikali yenyewe ndiyo inayoiyeyusha. Mbolea isigusane na mbegu iliyopakwa. Weka udongo kati yake. Na kama kipimo cha tindikali (pH, ambacho kikishuka ndipo tindikali inapozidi) kiko chini ya 5, rizobia wenyewe wanateseka, kwa hiyo chokaa ya kilimo itakuja kabla ya pakiti yoyote.

Chupa ya yule kijana usiinunue, na usifikiri nina chuki na vijidudu. Udongo mzuri umejaa viumbe wenye faida. Kuna kuvu wanaoungana na mizizi na kuirefushia mkono wa kufikia fosforasi ya mbali, na kuna bakteria wanaoishi huru kandokando ya mizizi ya mahindi wakisaidia kidogo. Lakini fosforasi haipo hewani. Haitoki kwenye chupa ikiwa haipo ardhini, na mahindi hayajengi vinundu. Anayekuambia kimiminika kimoja kinafaa mahindi, nyanya, soya na migomba, na mbolea basi, anakuahidi kisichowezekana. IITA na washirika wake walipima bidhaa zaidi ya mia moja za namna hii katika Kenya, Ethiopia na Nigeria. Nyingi hazikuonyesha faida shambani, na zilizojitokeza vizuri zaidi zilikuwa za rizobia kwa mazao ya jamii ya kunde. Mtu yeyote akikuletea bidhaa, muulize mambo matatu: ni kiumbe gani kwa jina, ni kwa zao gani, na namba yake ya usajili wa TFRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti mbolea, ni ipi. Akibabaika, mwache aende zake.

Kuhusu udongo wa mwenzako, ni njia ya kale na hufanya kazi kwa kiasi. Wakulima wa Ulaya na Marekani walibeba udongo kwa mikokoteni kabla pakiti hazijawepo. Ila utabeba pia mbegu za magugu, mnyauko na hiyo minyoo fundo jirani aliyoiogopa. Pakiti moja ni bei ndogo kuliko kuingiza minyoo kwenye shamba la familia. Badala yake, mwombe mwenzako akuruhusu uchimbue miche yake miwili mitatu uione mizizi yake, ujue kinundu kizuri kinafananaje.

Mwakani na mahindi. Hapa wengi wanadanganyana bila kukusudia. Tani moja ya soya inaondoka shambani na naitrojeni kama kilo 60 ndani ya punje, kwa sababu punje zina protini nyingi. Ukivuna magunia sita ya kilo 100 kwa ekari, umebeba kilo 36 hivi, sawa na mfuko mmoja na nusu wa Urea, na wastani wa nusu tu au zaidi kidogo ndiyo huwa imetoka hewani. Iliyobaki imetoka kwenye udongo wako. Ukibeba na mabua ukayachoma au ukawapa ng'ombe na samadi isirudi, shamba linaweza kubaki maskini kuliko lilivyokuwa. Ukipura palepale shambani na kuyaacha majani na mabua yaoze, mahindi yatakayofuata yatafurahi, na unaweza kupunguza mbolea ya kukuzia. Kupunguza nimesema. Kuacha kabisa siwezi kukushauri.

Na msimu huu? Subiri matokeo ya ndoo yako ya maji. Miche saba au minane kati ya kumi ikiwa na vinundu vyekundu, usitie Urea hata kijiko, palilia tu. Ikiwa mingi haina kitu na maua yanaanza, soya haitajiokoa yenyewe, na hapo naitrojeni ya dukani ndiyo tiba iliyobaki: mfuko mmoja wa Urea kwa ekari, kando ya mistari, udongo ukiwa na unyevu, ufukie. Kabla ya hapo piga hesabu ya bei ya mfuko na bei ya soya huko kwenu, kwa sababu kwa shamba lenye mimea michache fedha hiyo inaweza isirudi. Ukiamua kuacha sehemu mbovu na kuitia mbolea ile nzuri tu, ni uamuzi wa busara pia.

Ukiona kitu tofauti na nilichoeleza, usiniandikie mimi kwanza. Majani ya juu yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, miche ikidumaa kwa viraka vya mviringo, au vivimbe visivyobanduka mzizini, mwite afisa ugani wa kata afike shambani, na mpeleke mche mzima na udongo wake kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya. Hata kama hakuna dalili hizo, kabla ya msimu ujao chukua udongo sehemu kumi na tano za shamba, uchanganye, upeleke nusu kilo upimwe tindikali na fosforasi. Ekari mbili za soya bila kipimo hicho ni kubahatisha mara ya pili.

Jumamosi hii, basi, sepetu na ndoo. Ukishakata vinundu, niandikie miche mingapi ilikuwa navyo, vilikaa sehemu gani ya mzizi, na ndani vilikuwa na rangi gani.